Riwaya za Nchi Zisizokuwako: Pendekezo kwa Wachungaji na Wanafunzi wa Theolojia

Katika rafu za vitabu za wachungaji wetu wengi iko aina moja ya vitabu ambayo haionekani kabisa. Mchungaji atakuwa na Biblia, Katekisimo, Tumwabudu Mungu Wetu, fafanuzi mbili tatu za Agano Jipya, na pengine kitabu cha historia ya Kanisa alichobaki nacho tangu chuoni. Riwaya, ikiwapo, itakuwa ya maisha ya kawaida: ndoa, ufukara, mji na kijiji. Lakini riwaya zinazosimulia mambo yasiyokuwako, yaani nchi zilizo angani, majini wenye falme, vyombo vinavyokwenda kwenye sayari nyingine, wafu wanaorudi kuzungumza na walio hai, hizo hazimo. Makala hii inakusudia kuwashauri ndugu watumishi na wanafunzi wazisome, na inataja zipi zinafaa, zipi zisomwe kwa tahadhari, na moja ambayo mwandishi hawezi kuipendekeza kwa usharika wowote.

Pingamizi la kwanza linalotolewa ni kwamba riwaya hizo ni uongo, na mtumishi wa Neno hana ruhusa ya kujifurahisha kwa uongo. Pingamizi hili halihitaji kutuchelewesha. Nabii Nathani alipotaka kumfikia Daudi hakumletea hati ya mashtaka. Alimletea habari ya kondoo ambaye hakuwahi kuwako (2 Samweli 12). Yothamu alisimama juu ya mlima Gerizimu akasimulia jinsi miti ilivyokwenda kujitafutia mfalme (Waamuzi 9), na hakuna mfafanuzi aliyewahi kumshtaki kwa kudai kwamba miti ina miguu. Nasi tulio wa ungamo la Kilutheri tukumbuke kwamba Martin Luther, alipokuwa katika ngome ya Coburg mwaka 1530 huku ungamo la wenzake likisomwa Augsburg, alitumia sehemu ya muda wake kuzitafsiri hekaya za Esopo kwa Kijerumani. Katika dibaji zake za vitabu vya Yudithi na Tobiti alikubali kwamba huenda habari hizo zilitungwa, wala hazikumpungukia thamani kwa sababu hiyo. Mtu ambaye angeweza kuona mbuni ni mwongo angekuwa yeye, maana hakuwa mwepesi wa kusamehe uongo. Hakuona hivyo.

Pingamizi la pili ni zito, na sharti lijibiwe kwa uangalifu. Katika Msangano, wilayani Momba, ambako sehemu ya mambo haya ilijadiliwa na wainjilisti na vijana wa usharika, mzee mmoja wa kanisa aliuliza hivi: ikiwa watu wetu tayari wanaogopa uchawi usiku na mchana, je, ni busara kwa mchungaji kuwapa vitabu vyenye majini, kafara na mazimwi? Si ataongeza kuni motoni? Hili si swali la mtu asiyesoma. Eneo hili lina kumbukumbu. Katika miaka ya mwisho ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, mkoani Mbeya, ambao wakati ule ulijumuisha nchi yote hii iliyofanywa Mkoa wa Songwe mwaka 2016, watu waliuawa na kuchunwa ngozi kwa sababu wako waliosadiki kwamba ngozi ya binadamu huvuta utajiri. Miaka michache baadaye Tanzania ikaona aibu ya mauaji ya watu wenye ualbino kwa imani iliyo ndugu ya hiyo. Wachungaji wamezika watu hao. Hatuzungumzi juu ya mambo ya vitabuni tu.

Jibu langu ni kwamba tumechanganya vitu viwili vinavyopingana. Uvumi wa mchawi hauna mtunzi, hauna ukurasa wa mwisho, na haumwombi mtu ruhusa; humwingia msikilizaji kama habari ya kweli, naye huondoka nayo akiwa na jina la jirani yake kichwani. Riwaya ya kinjozi ina mtunzi ambaye jina lake limeandikwa juu ya jalada. Inamwambia msomaji tangu mwanzo: hii ni nchi isiyokuwako, ingia, uangalie, kisha utoke. Anayeizoea anajifunza kwa mazoezi, pasipo kuhubiriwa, tofauti iliyopo kati ya kuwaza jambo na kulisadiki. Watu wasio na zoezi hilo ndio wanaoweza kuletewa hadithi yoyote na mganga wakaipokea kama taarifa. Kwa hiyo nauliza kinyume cha mzee wetu: je, haiwezekani kwamba hofu imepata nafasi kubwa katika sharika zetu kwa sababu tumewanyima watu hadithi zinazojitambulisha kuwa ni hadithi?

Ushahidi ulio karibu nasi kuliko mwingine wowote ni Kufikirika cha Shaaban Robert. Aliandika kitabu hiki katika miaka ya 1940, lakini kilichapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake. Kufikirika ni nchi ya kubuni yenye mfalme tajiri asiye na mtoto. Wanaitwa waganga wa kila namna: wa mitishamba, wa makafara, wa hirizi, wa mashetani na wengineo, kila kundi na madai yake na gharama zake. Yeyote aliyewahi kuishi mahali penye waganga wengi ataitambua karamu hiyo ya matumaini, na atatabasamu, kwa maana Shaaban Robert hakuwatukana waganga. Aliwaacha wafanye kazi mbele ya macho yetu mpaka tukaona wenyewe. Mwana wa mfalme anazaliwa hatimaye, anapewa mwalimu, baadaye anaugua. Ndipo linapotolewa agizo la kutisha: ili apone, watolewe kafara watu wawili, mjinga mmoja na mwerevu mmoja.

Hapo ndipo kitabu kinapoacha kuwa mchezo. Nchi nzima inaingia katika shughuli ya kuwatafuta watu wa kuuawa, kwa utaratibu, kwa heshima zote za serikali, na kwa nia njema kabisa ya kumponya mtoto. Mwandishi anatuonyesha jambo ambalo mahubiri yetu hayajalionyesha vizuri: kwamba kafara ya binadamu haianzi na watu wakatili, bali huanza na mzazi anayelia. Na kinachosimama kinyume cha damu hiyo ni hoja. Watu wanasimama na kujibizana juu ya thamani ya uhai wa mjinga na wa mwerevu, na juu ya sheria inayoruhusu jambo kama hilo. Mchungaji wa Momba au Mbozi anayetaka kuzungumza na vijana juu ya mauaji ya ushirikina pasipo kumtaja mtu, pasipo kufufua kisasi cha ukoo fulani, hatapata chombo bora kuliko sura hizi. Ni zile zile mbinu za Nathani.

Isidhaniwe kwamba naona kitabu hiki hakina upungufu. Watu wake wengi ni fikra zilizovishwa majina. Wanawake hawapewi nafasi ya kutosha. Na mwandishi ana imani kubwa mno katika elimu, kana kwamba mtu akishajua lililo jema atalitenda. Mtume Paulo katika Warumi 7 ana habari nyingine kuhusu jambo hilo. Lakini upungufu huu una faida darasani, kwa sababu mwanafunzi anayeugundua ameanza kuwa mwanatheolojia.

Kwa wale wanaotaka kuanza na kitabu chepesi, Adili na Nduguze (1952) ndicho cha kwanza. Kinatokana na masimulizi ya Alfu Lela Ulela, na kina majini, mji ambao watu wake wamegeuka mawe, na ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa manyani kwa sababu ya uovu waliomtendea ndugu yao. Adili, aliye liwali, anaamriwa na Huria, binti wa mfalme wa majini, awapige manyani hao kila usiku. Anawapiga, kisha anawabembeleza na kuwalisha. Nimetumia picha hii katika somo la Sheria na Injili, na sijui picha nyingine ya Kiswahili inayolingana nayo. Mtu anayelazimishwa kuadhibu wale awapendao, machozi yakimtoka, anatuonyesha sheria ilivyo pale inapobaki peke yake: ni ya haki, na haiponyi. Wanaokolewa kwa maombezi ya mtu mwingine, Mfalme Rai, ambaye anaona jambo hilo haliwezi kuendelea. Shaaban Robert alikuwa Mwislamu, wala sina nia ya kumbatiza akiwa kaburini. Nasema tu kwamba ameyaona mambo ambayo sisi tuna maneno ya kuyaeleza.

Kusadikika (1951) kinajulikana zaidi kwa kuwa kimesomwa shuleni kwa vizazi. Ni nchi iliyo angani, na Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kufundisha uanasheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliopelekwa pande zote, hata juu mbinguni na chini ardhini, wakarudi na mema, wakatupwa gerezani. Wengi wamekisoma kama kitabu cha kisiasa tu, cha kuwapinga wakoloni, na hiyo ni kweli. Mchungaji akisome tena baada ya kusoma mfano wa wakulima wa shamba la mizabibu katika Marko 12, kisha afikiri ni wajumbe wangapi ambao Kanisa lenyewe limewafungia.

Sasa niitaje ile ambayo siipendekezi. Mwaka 1929 ilitolewa tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Mwingereza H. Rider Haggard iliyotoka mwaka 1885, ikaitwa Mashimo ya Mfalme Sulemani. Wazee wetu wengi waliosoma shule za misheni waliifurahia, na kwa upande wa lugha ina raha yake: Kiswahili cha tafsiri zile kilinyooka kuliko cha vitabu vingi vya leo. Lakini katikati ya hadithi yake amewekwa Gagool, mwanamke mzee kupita kiasi, aliyekauka kama nyani, ambaye kazi yake ni kuwanusa watu na kuwataja ili wauawe, na ambaye mwisho wake ni kupondwa na mlango wa jiwe huku msomaji akitazamiwa kushangilia. Katika nchi ambayo wanawake wazee wameuawa kwa mapanga, hasa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, picha hii si burudani. Hapa nakubaliana na mzee wa Msangano kabisa. Tofauti kati ya Kufikirika na Mashimo ya Mfalme Sulemani haipo katika kuwapo kwa uchawi, maana umo katika vyote viwili. Kitabu kimoja kinamfanya msomaji achunguze neno la mganga. Kingine kinamfundisha jinsi mchawi anavyofanana. Mtumishi akipima riwaya yoyote ya namna hii, akitumia kipimo hicho hatapotea mbali.

Wamisionari hao hao, ni vema tuseme, walituletea pia Safari ya Msafiri ya John Bunyan, yenye majitu, joka lenye mabawa, na ngome ya kukata tamaa, na hakuna mzee wa kanisa aliyewahi kulalamika.

Naingia katika bunilizi za kisayansi, ambazo wengi wanadhani ni mali ya Wamarekani na Warusi. Msomaji wa Songwe ana sababu ndogo kuliko watu wengine ya kudhani hivyo. Katika kilima cha Marengi, wilayani Mbozi, kimelala kimondo chenye urefu wa takriban mita tatu na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, chuma kilichochanganyika na nikeli, ambacho hakikutoka katika dunia hii. Ni kimojawapo cha vimondo vikubwa kabisa vinavyojulikana. Watalaamu wamekichunguza tangu mwaka 1930, na watoto wa shule hupelekwa kukishika. Hakuna shimo lililoonekana mahali kilipoangukia, maana ni cha zamani mno. Karani wa mji wa Efeso, katika Matendo 19:35, anataja kitu kilichoanguka kutoka juu, na watu wa mji ule walikifanya mungu na biashara. Wahandisi wa siku zetu wamekifanya chao kuwa kipimo cha maabara. Wachungaji tunapita njia ya Tunduma mara nyingi, na kituo cha kimondo hakiko mbali na barabara kuu, lakini sijasikia mahubiri yanayouliza: ikiwa mbingu zina vitu vigumu namna hii, vinavyoweza kupimwa kwa mizani, tunapokiri kwamba Mungu ni Muumba wa mbingu na nchi tunakiri nini hasa? Bunilizi za kisayansi hulichukua swali hilo na kulitembeza.

Katika Kiswahili pendekezo langu ni Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, mwanasosholojia wa Kenya ambaye mwaka 1986 aliwekwa kizuizini bila kuhukumiwa. Shujaa wake, Dzombo, anahukumiwa kufa kwa kurushwa angani ndani ya chombo. Badala ya kufa anafika Walenisi, ulimwengu wa watu walio huru na sawa, na jina lenyewe likikatwa vizuri linasema: wale ni sisi. Wazo la kumgeuza mfungwa kuwa mgunduzi, na chombo cha kumwulia kuwa safina, ni la mtu aliyefikiri sana akiwa nyuma ya ukuta. Kwa bahati mbaya akiisha kufika huko hadithi inapoa. Wenyeji wanahutubu, mgeni anasikiliza, kisha wanahutubu tena. Hata hivyo shida kubwa ni ya kitheolojia. Walenisi ni jamii iliyouondoa udhalimu kwa kubadili mpangilio, wala hatuonyeshwi mtu mmoja ambaye katika mpangilio ule mzuri bado anamwonea wivu jirani yake. Sisi tunaokiri kwamba Mkristo ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja tutaona upesi kilichokosekana. Lakini tusiseme hivyo kwa haraka ya kujifariji, maana hoja ya dhambi ya asili imetumiwa mara nyingi na watu walioshiba ili kuwaambia wenye njaa kwamba dunia haiwezi kubadilika. Mkangi alikuwa anajibu watu wa namna hiyo.

Kwa wanaosoma Kiingereza, nawaomba wasome riwaya ya C. S. Lewis iitwayo Out of the Silent Planet, iliyotoka mwaka 1938. Lewis, Mwanglikana aliyezaliwa Belfast, anajulikana kwetu kwa vitabu vyake vya kuitetea imani. Riwaya hii haijulikani, na nadhani inatuhusu sisi kuliko inavyowahusu wasomaji wake wa Oxford. Mtaalamu wa lugha, Ransom, anatekwa nyara na watu wawili na kupelekwa katika sayari ya Mihiri, ambayo wenyeji wake huiita Malacandra. Mmoja wa watekaji, Weston, ni mwanasayansi anayetaka binadamu aenee katika sayari zote. Mwenzake, Devine, anatafuta dhahabu tu. Mtu aliyekulia karibu na Lupa, ambako wageni walimiminika kufukua dhahabu katika miaka ya 1920 na 1930, hahitaji kuelezwa watu hawa ni akina nani.

Ransom anajifunza lugha ya huko na kugundua kwamba haina neno la uovu. Wenyeji wakitaka kusema mtu ni mwovu husema amepinda. Augustino angefurahi, kwa maana ndivyo alivyofundisha, kwamba uovu hauna asili yake mwenyewe bali ni wema uliokengeuka. Na Luther alipoeleza dhambi kuwa ni mtu aliyejikunja kuielekea nafsi yake alifuata njia hiyo hiyo. Kisha hufika sehemu ambayo mimi huihesabu kuwa bora kuliko zote. Weston analetwa mbele ya Oyarsa, mtawala wa sayari ile, ambaye ni kiumbe wa namna ya malaika. Kwanza anajaribu kumlaghai kwa kutikisa shanga za rangi. Wenyeji wanacheka. Halafu anatoa hotuba kubwa juu ya ustaarabu, maendeleo, na haki ya walio juu kuwaondoa walio chini, na Ransom anatakiwa kuitafsiri. Lugha ya Malacandra haina maneno ya kuficha. Kwa hiyo kila sentensi tukufu ya Weston, ikishapita katika kinywa cha mfasiri, inatoka ikiwa uchi: sisi tuna watu wanaochukua chakula cha wenzao, na huyu anasema ni vizuri.

Mchungaji yeyote aliyewahi kusimama kando ya mhubiri mgeni na kumtafsiria kwa Kinyamwanga au Kiwanda ataelewa ukurasa huu hadi mifupani. Kuna maneno ya kitheolojia yanayosikika vizuri kwa Kiingereza au Kijerumani, hata kwa Kiswahili cha chuoni, ambayo yakifikishwa katika lugha ya mama yanabaki hayana kitu. Ningependa kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza achukue mahubiri yake, ayatafsiri kama Ransom, na aangalie kinachobaki. Riwaya ya pili katika mfululizo huo, Perelandra (1943), ina mwanamke wa kwanza wa sayari ya Zuhura anayejaribiwa kama Hawa. Mazungumzo ya jaribu ni mazuri mno, lakini jaribu lenyewe linamalizwa kwa ngumi, na hapo Lewis ananipoteza. Ya tatu naiacha.

Nimeacha vitabu vigumu kuwa vya mwisho. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe aliyepita katika seminari ya Kikatoliki ya Nyegezi na kufariki mwaka 2020, aliandika riwaya mbili nyembamba, Nagona (1990) na Mzingile (1991), ambazo ziliwashangaza waliomzoea kwa Rosa Mistika. Hakuna mtiririko wa kawaida. Mambo huenda kama yaendavyo ndotoni: mji ulio kimya, wanafikra wakubwa wa Ulaya, safari isiyo na ramani. Msomaji asijilaumu asipoelewa. Lakini katika Mzingile liko jambo ambalo mwanatheolojia hawezi kulipita: msimuliaji anapeleka kwa mzee Kakulu habari za kifo cha mwanawe. Kila mtu atajua ni mzee yupi na ni mwana yupi. Jürgen Moltmann aliandika kitabu kizima mwaka 1972 juu ya swali la kile ambacho kifo cha Mwana kilimfanyia Baba. Kezilahabi analiweka swali hilo katika mkono wa mjumbe anayepanda kilima akiwa amechoka. Msomaji apime mwenyewe jinsi mzee anavyoipokea habari, kisha aulize kama ndivyo anavyomhubiri Mungu kwenye mazishi ya watoto. Nimewaona wanafunzi wakikasirika kwa sababu ya kitabu hiki. Hasira hiyo inaweza kuwa mwanzo wa theolojia ya msalaba, maana waliokuwa wakiikariri kwa ajili ya mtihani tu hawakuwahi kukasirika.

Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed ni rahisi zaidi. Bwana mkubwa aitwaye K, aliyeshiba mali ya umma, anajiwa na babu yake aliyekufa. Jambo la kuangalia ni neno lenyewe. Kwetu kufufuka ni neno la Pasaka. Hapa aliyefufuka amekuja na mashtaka. Lisomwe pamoja na Luka 16, ambapo tajiri aliye katika mateso anaomba Lazaro apelekwe kwa ndugu zake, na Ibrahimu anakataa kwa sababu hawatasikia. Said Ahmed Mohamed ni kama anamjibu Ibrahimu: tujaribu tuone. Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wadi Wamitila inafuata njia kama hiyo kwa kumzungusha mtu duniani kote kumtafuta mkosaji. Ina werevu mwingi, pengine kupita kiasi.

Ziraili na Zirani (1999) ya William Mkufya nampendekezea mchungaji, wala si kikundi cha kipaimara. Ndani yake kuna malaika wa kifo, mwanadamu asiyemkubali Mungu, na uasi wa walio Jehanamu dhidi ya mbingu. Wako watakaosema ni kufuru. Mimi naona Mkufya amewapa wakanamungu hoja zao zote pasipo kuwapunja, jambo ambalo vitabu vyetu vya kuitetea imani havijawahi kulifanya, na mhubiri wa mjini ambaye hajasikia hoja hizo zikisemwa kwa Kiswahili fasaha atazisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mwanawe mwenyewe aliyerudi kutoka chuo kikuu.

Kuhusu upatikanaji, mtu wa Msangano kwa kawaida hana budi kuagiza kutoka Mbeya au Dar es Salaam, na bei si ndogo kwa mshahara wa mwinjilisti. Vitabu vya Shaaban Robert ndivyo rahisi kupata. Usharika ukinunua nakala moja tu, iwe ya Kufikirika, na isomwe kwa sauti, sura kwa sura, katika kipindi cha vijana cha jioni. Atakayesoma asifafanue kitu mpaka wafike kwenye agizo la kafara. Hapo afunge kitabu, awaulize waliopo ni nani katika kijiji chao angechaguliwa kuwa mjinga, na asubiri, hata kama kimya kitakuwa kirefu.